Mtu Asiyekuwemo Kitabuni

9 Februari

Kidole,

Nimekupigia simu ukasema uko kikaoni, nikakupigia tena ukasema unaingia kikaoni. Basi nakuandikia, maana barua haiwezi kuambiwa isubiri kwenye laini.

Kwanza hongera. Nilipokiuza kitabu changu kwa hao watu wa televisheni, sikuota kwamba kazi ya kukigeuza tamthilia watampa mdogo wangu wa tumbo moja. Hapa shuleni nimewaringia walimu wenzangu mpaka wamenichoka. Mwalimu wa hesabu ananiuliza kila asubuhi kama nitaigiza mwenyewe. Namwambia mimi sina sura ya kamera, nina sura ya kusahihisha madaftari.

Sasa nisikilize vizuri. Najua kitabu kikiingia kwenye televisheni hakitoki kama kilivyoingia. Punguzeni, ongezeni, mpeni mwenye nyumba bastola mkipenda. Lakini sketi ya pazia msiiguse. Mama anashusha pazia la dirisha lake, anamshonea binti yake sketi ya siku ya kwanza ya shule, halafu analala kwenye chumba kitupu jua linampiga usoni. Ukurasa ule umeliza watu ambao hawajawahi hata kupita nje ya nyumba yetu. Wanafunzi wanaulizwa kwenye mtihani. Mama hakuacha picha yoyote ya maana, unajua. Ukurasa ule ndio picha yake.

La mwisho: Shangazi analalamika kwamba televisheni yake inaonyesha watu wote kama wana homa ya manjano. Mtafutie mpya kabla tamthilia haijaanza. Ametulea, angalau aone vizuri.

Dada yako,
Mwalimu


27 Februari

Dada,

Barua yako nimeisomea kwenye ngazi. Chumba chetu cha kuandikia hakina dirisha, tuko wanne kwenye meza moja, na feni yetu inageuza shingo upande mmoja tu, kwa hiyo tunabadilishana viti kwa zamu. Ukutani tumebandika kadi. Za njano ni kicheko, za buluu ni machozi, nyekundu ni chuki. Bosi akiingia hasomi tulichoandika. Anasimama mlangoni anaangalia rangi. Sheria yake ni moja tu, kila sehemu iishe na mtu wa kuchukiwa, kwa sababu anasema mtazamaji aliyelia huenda kulala, lakini aliyekasirika hurudi wiki ijayo.

Kitabu chako, Dada yangu, ni buluu tupu. Baba yuko safarini tangu mwanzo, shida haina sura ya kupiga picha, na Mama anapika, anafua, anashona, anafukuza mgambo, anawapeleka watoto hospitali kwa miguu. Bosi akauliza, huyu mama halali? Wenzangu wakacheka. Na mimi nikacheka, halafu nikaacha.

Wiki hii mambo yamekuwa magumu zaidi. Mwigizaji wa Mama amepata tangazo la sabuni na ametuambia atakaa nasi sehemu za mwanzo tu. Kwa hiyo itabidi Mama augue mapema. Alale, kamera imwone kwa mbali. Na zile kazi zake lazima zifanywe na mtu, maana watoto hawawezi kujipikia. Nimeongeza mtu mmoja. Usiwe na wasiwasi, namjua vizuri.

Televisheni nimeipeleka mwenyewe. Ni kubwa kuliko dirisha la sebuleni kwake. Aliitazama akasema, "Sasa watu wa humo ndani ndio watakuwa wananitazama mimi."

Kidole
(mwambie mwalimu wa hesabu kwamba sinyonyi tena, hilo jina limebaki tu)


14 Machi

Kidole,

Mtu gani?

Nimeisoma barua yako mara kadhaa, na kila nikifika hapo naona umenizunguka. Ulikuwa hivi hivi tangu utotoni, ukivunja kikombe unaanza kusimulia habari za paka. Kitabu changu kina watu ninaowajua wote. Nimekaa nao miaka. Hakuna nafasi ya mgeni ndani ya ile nyumba.

Na kuhusu Mama kuugua mapema, sitaki. Msomaji anamjua Mama akiwa amesimama. Mtafuteni mwigizaji mwingine asiyeuza sabuni.

Nijibu moja kwa moja, bila paka.

Dada


2 Aprili

Dada,

Haya, bila paka. Ni Shangazi.

Sikumtungia. Nilimkumbuka, basi. Mwigizaji wake ni mama mmoja mtulivu wa jukwaani, na alikuja kukaa nami siku nzima kantini akiwa na kalamu, anataka kujua huyu mwanamke anatembeaje, anashika vipi kikombe, anafanya nini akiudhika. Nikamwambia kila kitu. Zile funguo alizokuwa akizifunga kiunoni kwa kamba, tukizisikia zinalia ukumbini tunajua amerudi. Na kile kikohozi, unakikumbuka? Alikuwa hakohoi kwa sababu ya ugonjwa. Alikuwa anakohoa mlangoni kabla ya kuingia chumbani kwetu, ili kama tunalia tupate muda wa kufuta macho. Nilipomweleza hilo yule mama aliweka kalamu chini. Na mimi nilishindwa kunywa chai yangu.

Nilipoanza kazi hii nilikisoma kitabu chako upya. Nilikuwa nimekisoma zamani kwa fahari tu, kama ndugu wa mwandishi. Safari hii nilikisoma kama fundi, kuona nani anafanya nini. Mama wa kitabuni ana kazi za watu wawili, Dada. Sikusemi. Nakuambia tu nilichokiona.

Shangazi atakuwa mzuri kwenye tamthilia. Ndio moyo wake. Nitampigania.

Kidole


20 Aprili

Kidole,

Riwaya si ripoti ya polisi. Nawafundisha watoto wa kidato cha pili jambo hilo na wanalielewa, sijui wewe umekwama wapi.

Unataka niseme? Nitasema. Mama yetu alilala ameelekea ukuta mpaka akafa. Mimi ndiye niliyekuwa naingia kumwambia kwaheri naenda shule, na mgongo wake haunijibu. Wewe ulikuwa mdogo, ulikuwa unacheza na masufuria. Nilimhitaji mama aliyesimama, na kwa kuwa duniani sikumpata, nikamsimamisha kwenye karatasi. Nani amedhurika? Shangazi mwenyewe alikuja siku ya kukizindua, akakaa mstari wa mbele, akapiga makofi. Hakusema neno. Angekuwa na neno angelisema, humjui yule?

Kama umeshamweka, basi mweke vizuri. Na umwambie mapema, asije akajiona tu kwenye skrini akashtuka. Hilo ni lako, usinitwishe mimi.

Dada


8 Juni

Kidole,

Huna aibu.

Tulikusanyika chumba cha walimu, wote, na mpishi wa bweni, na mke wa mkuu wa shule na watoto wake. Nilikuwa nimenunua soda. Nimekaa mbele kama bibi harusi. Halafu naona mwanamke anaingia chumba cha mgonjwa, anang'oa pazia la dirisha, jua linamwangukia yule mama kitandani, na mama anajificha uso kwa mikono. Yule mwanamke anacheka. Kesho yake anamvisha mtoto sketi ya lile pazia kwa lazima ili akachekwe shuleni. Na anakohoa, Kidole. Kila akitaka kuingia mahali kutenda ubaya, anakohoa mlangoni, na watoto wanaruka chini ya kitanda. Funguo zinalia, muziki wa hofu unaanza.

Mke wa mkuu wa shule akasema, "Jamani, huyu mchawi mlimtoa wapi?" Wote wakanigeukia mimi. Nikasema hayumo kitabuni. Ndicho nilichoweza kusema.

Uliniahidi kwamba utampigania. Umempeleka mwenyewe, umemvua nguo barabarani mbele ya nchi nzima, yule aliyekuwa anakutemea mate kwenye leso akufute masizi ya masufuria. Na televisheni umempelekea mwenyewe, kubwa, ili asikose kitu.

Ulimwambia? Nijibu hilo tu.

Dada


15 Juni

Dada,

Sikumwambia.

Sehemu tatu za mwanzo niliandika kama nilivyokuahidi. Shangazi anafika na sanduku, anavua viatu, anaanza kufagia. Tuliowaonyesha walikuwa watu kumi na kitu waliokaribishwa kutazama kabla ya kurushwa hewani, na wakasema ni nzuri, wakaangalia saa. Bosi akaja ukutani. Hakuna nyekundu hata moja. Akaichomoa kadi ya Shangazi, ya buluu, akaniuliza huyu mama anataka nini. Nikasema hataki kitu. Akasema hakuna mtu asiyetaka kitu, huyu anaitaka nyumba. Akaibandika tena kwenye karatasi nyekundu, akatoka kwenda kula.

Nilibishana. Amini au usiamini. Lakini niligombea maneno ya mazungumzo, nikasahau kwamba nilishampa mwigizaji mwili mzima. Wakibadilisha maneno, mwili unabaki. Yule mama aliigiza mtu mbaya kwa vitu vizuri nilivyomwambia, maana hakuwa na vingine. Angekuwa mbaya wa kawaida, mwenye wanja na kicheko cha wachawi, Shangazi angemtazama akasema huyu mwanamke ana wazimu, akaenda kulala. Mimi nimempa kikohozi chake. Hilo kosa ni langu na sijui nilitie wapi.

Sasa watu wanapenda kumchukia. Wameongeza sehemu. Wanazungumzia msimu wa pili, na wakanipandisha cheo, nikakubali. Ndiyo, nilikubali.

Tangu ianze kurushwa sijaenda kwake. Nikifika kona ya duka nageuza. Nenda wewe, Dada, wewe mikono yako ni safi.

Kidole


18 Juni

Kwa Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Natumaini magoti yanakupa nafuu na kwamba yule jirani ameacha kufungulia maji kwenye ua wako.

Nakuandikia kwa uchungu mkubwa. Huenda umeiona ile tamthilia, na kama hujaiona naomba usiitazame. Mdogo wangu amefanya jambo ambalo sina jina lake. Nimemgombeza, na bado sijamaliza. Nataka ujue sikushirikishwa. Mkataba wao hauniruhusu hata kukanyaga studio.

Yule mwanamke si wewe, na kila mtu anayekufahamu anajua. Wewe ndiye uliyetufuta machozi. Nitawaandikia wakubwa wake, na ikibidi nitazungumza magazetini, niseme wazi kwamba mtu huyo hayumo kitabuni. Shangazi, mimi nilikutunza. Kipekue kitabu changu tangu mwanzo mpaka mwisho, hutaona hata neno moja baya juu yako.

Likizo ikifika nitakuja nikae nawe. Nitakuletea dawa ya magoti.

Mwanao,
Mwalimu


1 Julai

Mwalimu,

Marahaba. Barua yako nimeipata, na magoti ni yale yale. Jirani naye ni yule yule.

Tamthilia naitazama. Kwa nini nisiitazame, na televisheni nimeletewa? Wiki ya kwanza walikuja majirani kutazama nami kwa sababu yangu ni kubwa. Ilipofika lile pazia wakaanza kuniangalia kwa pembeni. Wiki ya pili wakaja wawili. Sasa natazama peke yangu. Watoto wa mtaa nikipita wanakohoa, wote kwa pamoja, halafu wanakimbia. Muuza duka ananipimia sukari bila kunisalimia, na yule nilimshika mkono siku anazaa. Naumia. Sitakudanganya kwamba sijali, mimi si jiwe.

Lakini wewe unataka kuwaandikia wakubwa kwamba sikuwemo kitabuni. Hilo halihitaji magazeti. Mimi nalijua.

Ulipokitoa kile kitabu nilinunua miwani kwa ajili yake. Nilikuwa nasoma ukurasa baada ya ukurasa najitafuta. Nikifika mahali mtoto ana homa anabebwa usiku, nasema sasa, hapa ndipo atanitaja. Anabebwa na mama yake. Nikifika kwa mgambo aliyekuja kuchukua vitu, nasema basi hapa. Mama yake ndiye anasimama mlangoni na mwiko. Nilicheka kidogo hapo, maana mwiko ule ninao mpaka leo, umeungua mpini. Nikafika kwenye pazia, nikaweka kitabu chini, nikaenda nikanawa uso kwanza. Nilijua hili hawezi kuliruka. Ulikuwa mkubwa wa kukumbuka. Ulisimama juu ya kigoda, nikakuzungushia kile kitambaa kiunoni nikiwa na pini mdomoni, ukaniuliza kwa nini silii nikijichoma.

Dirisha la mama yako halikuwahi kuwa na pazia, mwanangu. Tulibandika magazeti. Kile kitambaa cha kijani chenye majani meupe kilitoka kwenye sanduku langu. Yalikuwa mapazia ya nyumba yangu. Nilikuwa nimeshayashona yote, na pindo zake, nasubiri kuolewa. Mchumba wangu aliponiuliza tutatundika nini nikamwambia tutashona mengine, ngoja wifi apate nafuu. Alingoja. Wifi hakupata nafuu, na nyinyi mlikuwa wawili, na baba yenu anarudi akipenda. Sikumlaumu alipooa. Hata zawadi nilipeleka.

Siku ya uzinduzi nilikaa mbele kama ulivyopanga. Wewe ukasimama na gauni zuri, ukasoma ukurasa ule, na watu wakatoa leso. Mama mmoja aliyekaa kando yangu akanishika mkono akasema, "Una bahati, wifi yako alikuwa mwanamke wa shoka." Nikasema ndiyo. Nikapiga makofi. Ningefanya nini? Marehemu alikuwa na haki ya kuheshimiwa, na wewe ulikuwa na furaha niliyokuwa sijawahi kuiona usoni mwako. Nikasema acha apewe, mimi nitapewa siku nyingine. Nimesubiri siku hiyo miaka yote hii. Umekuja likizo ngapi ukakaa hapa ukala, hukuwahi hata kwa bahati mbaya kuniambia, "Shangazi, ile sketi."

Unaniambia ulinitunza. Mtu hutunzwa akiwa mahali. Kidole amenitukana, na siku akipata ujasiri wa kupita kona ya duka nitamwambia mwenyewe, na nitampiga kama nilivyokuwa nampiga. Lakini nilipoiona ile tamthilia kwa mara ya kwanza, yule mama akafungua mlango na funguo zikalia, nilisimama kitini. Nilijiona. Nikasema, kumbe yupo aliyekuwa ananitazama. Kabla hajaanza kutenda ubaya wake, nilikuwa na furaha, Mwalimu. Ilikuwa fupi, lakini niliipata kwa huyo aliyenitukana, sikuipata kwako.

Usiwaandikie wakubwa. Usizungumze magazetini. Ukisema huyu mwanamke hayumo kitabuni watu watakusifu kwa mara ya pili kwa jambo lile lile.

Na likizo hii usije. Sijafunga mlango, ila safari hii siwezi kukupikia na kukuuliza habari za wanafunzi wako kana kwamba sijaandika barua hii. Dawa ya magoti mpe mpishi wa bweni kama naye anaumwa.

Ukimwandikia mdogo wako mwambie jambo moja, maana nasikia wanaendelea. Yule mama wa watu anajitahidi, lakini funguo anazifunga upande wa kulia. Mimi nilizifunga kushoto. Kulia nilikuwa nimekubeba wewe.

Shangazi yako